Jino Ndani ya Glasi ya Kola

Mwaka 2001, katika mji wa Christchurch kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, watoto wa shule sita za msingi waliwekewa jino ndani ya kola walione linavyoharibika. Walionjeshwa matunda wapate kuujua utamu usiotoka kwenye chupa, wakashindana kutunga nyimbo za kuipiga vita soda. Mradi mzima ulikuwa na ujumbe mmoja: punguzeni soda, kunyweni maji. Kila darasa lilipata kipindi cha saa moja kwa muhula, na aliyefundisha alikuwa mtu mmoja kwa shule zote. Hakuna jiko lililobadilishwa, wala hakuna mtoto aliyepangiwa mlo maalumu.

Watoto walikuwa 644, wa miaka 7 hadi 11, katika madarasa 29 yaliyogawanywa kwa kura: haya yafundishwe, yale yaachwe kama yalivyo. Mwaka ulipotimia walipimwa. Katika madarasa yaliyoachwa, sehemu ya watoto wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, ilikuwa imepanda kwa asilimia 7.5. Katika madarasa yaliyofundishwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 0.2. Soda iliyopungua yenyewe haikuwa nyingi. Kwa hesabu ya watoto wenyewe, ni nusu glasi na kitu kwa siku tatu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2004, na mzazi yeyote akiyasoma atasema huu ndio mpango: saa chache za kufundisha kwa mwaka, na watoto wameokolewa.

Kisha watafiti wakarudi. Ilikuwa miaka mitatu tangu siku ya kwanza, maana yake miaka miwili tangu masomo yaishe. Waliwapata na kuwapima watoto 434. Unene ulikuwa umeongezeka katika makundi yote mawili, na tofauti baina yao ilikuwa imefifia hadi huwezi kuapa kwamba haikuja kwa bahati tu. Ripoti hiyo ya pili ilitoka 2007, na mimi naiona ya maana kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayouliza swali ambalo miradi mingi ya aina hii hukwepa kuliuliza: mgeni akishaondoka na jino lake, nini kinabaki?

Wenye kuona kwamba hakibaki kitu wana hoja nzito kuliko mfano wa mji mmoja. Chukua mradi ulioitwa Pathways, uliofanyika kwa watoto wa mataifa ya asili ya Marekani, wakiwemo Navajo, Apache, Lakota na Tohono O'odham, katika majimbo ya Arizona, New Mexico na South Dakota. Huu haukuwa mradi wa saa moja kwa muhula. Ulihusisha shule 41 na watoto 1,704 kwa miaka mitatu, kuanzia darasa la tatu hadi la tano, na uligusa kila pembe unayoweza kuifikiria: masomo darasani, wapishi wa shule waliofundishwa kupunguza mafuta, vipindi vya michezo, na familia zilizoalikwa kushiriki. Ulipangwa pamoja na wenyeji, si kwa kuletwa na wageni wenye majibu mfukoni. Ulipofungwa, chakula cha shule kilikuwa na mafuta machache zaidi na watoto walijua mengi zaidi kuhusu lishe. Mafuta ya miilini mwao hayakutofautiana na ya watoto wa shule ambazo hazikuguswa.

Au tazama Birmingham na maeneo yake ya jirani. Shule 54, watoto wa miaka mitano na sita, mwaka mzima wa nusu saa ya ziada ya kucheza na kukimbia kila siku, mafunzo ya mapishi ambayo wazazi walialikwa, na klabu ya Aston Villa ikiwakaribisha watoto kujifunza mambo ya afya. Kwa mtoto wa Birmingham, kwenda Villa ni jambo la kusimulia hadi uzeeni. Matokeo yalichapishwa 2018: baada ya miezi 15, na tena baada ya miezi 30, uzito wa watoto wa mradi haukupishana kwa maana yoyote na wa wenzao. Watafiti walikiri kwamba shule peke yake haielekei kuumudu mzigo huu. Na mwaka uliofuata, Cochrane, shirika linalopitia tafiti za afya, lilipokusanya majaribio 153 ya kuzuia unene wa watoto kutoka sehemu mbalimbali za dunia, lilikuta kwamba wastani wa faida upo, ila ni mdogo.

Hoja ya upande huu inaposemwa vizuri husemwa kwa hesabu tu. Shule za Uingereza hufunguliwa siku 190 kwa mwaka. Siku zilizobaki mtoto yuko nyumbani, mtaani, kwa bibi, mbele ya televisheni. Hata siku ya shule ina jioni yake. Anayeamua kitakachopikwa usiku si mtoto wa miaka minane aliyefundishwa kuhusu mboga. Ni mama anayerudi kazini saa mbili usiku na mkononi ana alichoweza kununua njiani. Kumfundisha mtoto kisha kumrudisha kule kule ni sawa na kumkausha nguo na kumtoa tena mvuani. Wanaongeza kwamba saa za walimu si za bure: nusu saa ya mazoezi imekatwa kutoka mahali, na mahali hapo pana somo.

Nikisoma hoja hizo naziona zina ukweli, lakini kuna mahali zinateleza. Zinaipima programu ya shule kama chanjo: mdunge mtoto akiwa na miaka minane, uone kama bado ana kinga akiwa na kumi na moja. Ajabu ni kwamba hatuvipimi hivyo vitu vingine ambavyo shule inafanya kila siku. Hakuna anayesema uji wa saa nne umeshindwa kwa kuwa mtoto aliyeunywa darasa la pili ana njaa darasa la tano. Uji ni wa siku ile. Ukiacha kuupika, njaa inarudi, na kurudi kwake hakuthibitishi kwamba uji ulikuwa kazi bure.

Ushahidi ulionifanya nianze kufikiri hivi hautoki kwenye mradi wowote wa kuzuia unene. Nchini Marekani, watoto zaidi ya 18,000 walifuatiliwa tangu walipoanza chekechea mwaka 2010 hadi walipomaliza darasa la pili mwaka 2013, wakipimwa mwanzo na mwisho wa mwaka wa shule, si mara moja kwa mwaka kama ilivyo kawaida. Katika muda huo wenye uzito uliozidi walitoka asilimia 23.3 wakafika 28.7, na wenye kiribatumbo walitoka asilimia 8.9 wakafika 11.5. Sasa angalia lilipotokea ongezeko hilo: lote lilitokea wakati wa likizo ndefu za kiangazi. Miezi ya shule haikuchangia. Na hizi ni shule za kawaida kabisa, zenye mapungufu yote tunayozilaumia, na chakula ambacho Wamarekani wenyewe hukicheka. Zilichokuwa nacho ni kengele. Kuna saa ya kula na saa ya kutokula, kuna kutembea kutoka darasa hili hadi lile, kuna kulala mapema kwa kuwa kesho kuna basi. Shule ilikuwa inazuia unene bila hata kujua.

Kwa hiyo shule si dhaifu. Dhaifu ni kile tunachokiongeza juu yake, hasa kikiwa maneno. Tofauti hii inaonekana vizuri katika mradi wa CATCH, uliolenga afya ya moyo ya watoto wa shule Marekani, ambao wanaoushangilia na wanaoubeza wote huunukuu. Ulianza 1991 katika shule 96 za California, Louisiana, Minnesota na Texas, ukamalizika 1994. Katika shule za mradi, wapishi walibadilisha mapishi hadi mafuta ya chakula cha mchana yakashuka kutoka karibu asilimia 39 ya nishati hadi 32. Walimu wa michezo walifundishwa kupunguza kusimama kwenye foleni na kuongeza kukimbia, na watoto kweli walikimbia zaidi. Lakini uzito, shinikizo la damu na kolesteroli havikutofautiana na vya shule nyingine. Mwenye kubeza huishia hapo. Mwenye kushangilia huendelea hadi miaka mitatu baadaye, wakati watoto wale wako darasa la nane na mradi umekwisha kitambo: bado walikuwa wanakula mafuta kidogo kuliko wenzao na kufanya mazoezi ya nguvu zaidi, ingawa pengo lilikuwa linapungua.

Mimi hapo naona kitu cha tatu. Miaka ya tisini adui aliyetajwa kila mahali alikuwa mafuta, na sukari ilikuwa inapita mlango wa mbele ikisalimiwa. Mtoto aliyekula mafuta machache na kunywa juisi ya boksi alikuwa mwanafunzi bora wa CATCH. Tabia tuliyomfundisha ilidumu, kweli. Swali ni kama tulimfundisha tabia iliyohitajika. Jambo hili linapaswa kututia unyenyekevu kidogo sisi tunaotaka masomo ya lishe yaingizwe kwenye mtaala leo, maana vitabu vya shule hukaa miaka kumi na ushahidi hauwasubiri wachapishaji.

Kuna athari nyingine ya muda mrefu ambayo wapimaji wa uzito hawaiandiki kwenye daftari. Singapore ilianzisha mpango wa shule mwaka 1992, jina lake Trim and Fit. Watoto wenye uzito uliozidi walitengwa na wenzao na kupewa mazoezi ya ziada, mara nyingi wakati wengine wako mapumzikoni. Ukitafuta takwimu nzuri kwa nchi nzima, hizi hapa: sehemu ya wanafunzi wenye uzito uliozidi ilishuka kutoka takriban asilimia 14 hadi chini ya 10. Serikali nyingi zingelipa fedha nyingi kupata mstari unaoshuka namna hiyo. Lakini kifupi cha jina la mpango, TAF, watoto waligundua haraka kwamba ukikisoma kinyumenyume kwa Kiingereza ni neno la kumwita mtu mnene. Kejeli, aibu na hofu kwamba mpango unawasukuma watoto kwenye magonjwa ya kujinyima chakula vikaongezeka, na mwaka 2007 ukaondolewa, ukaja mpango mpana wa afya kwa wanafunzi wote. Miaka kumi baadaye unene ulikuwa umepanda tena. Basi ulifaulu au ulishindwa? Mwenye kutazama mstari wa takwimu atasema ulifaulu ukauawa na huruma. Mimi nina mpwa, kwa hiyo siwezi kutazama mstari peke yake.

Alikuwa darasa la nne kwenye shule moja ya kulipia hapa Dar es Salaam. Siku moja walikuja watu wa kupima afya, jambo jema kabisa, wakaweka mizani mbele ya ubao. Mmoja akawa anapima, mwingine amekaa nyuma anaandika, na kwa kuwa walikuwa mbali, yule wa mbele akawa anasoma kilo kwa sauti. Mpwa wangu ana jina lake zuri alilopewa na babu yake. Kufika saa ya chakula alikuwa anaitwa Bonge. Jioni aliniuliza, akiwa ameangalia viatu vyake: "Mjomba, kilo arobaini na sita ni nyingi?" Karatasi aliyoleta nyumbani ilishauri afanye mazoezi zaidi. Wiki ile ile aliacha kwenda mpirani, kwa sababu mpirani ndiko walikokuwa wanaomwita Bonge. Yeyote aliyepanga zoezi lile alitaka mtoto acheze zaidi, akapata mtoto anayecheza kidogo, na kwenye ripoti yao naamini imeandikwa kwamba wanafunzi wote walipimwa.

Lipo na suala la nani hasa anafaidika. Mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, ulianza utafiti wake mwaka 1996: watoto wanaoanza shule walipewa masomo ya lishe na michezo, wazazi na walimu wakahusishwa, kisha wakafuatiliwa kwa miaka minane, muda ambao ni nadra sana katika fani hii. Kwa ujumla wao, tofauti haikuonekana. Walipowagawa kwa hali ya familia, ikaonekana: watoto wa familia zenye elimu na kipato walinufaika, wa familia za chini hawakunufaika. Hilo halinishangazi. Ushauri wa kula samaki na matunda ni kama mbegu. Unaota kwenye nyumba yenye friji, muda na pesa. Sasa fikiria nchi nzima ikitumia fedha za umma kwa mpango ambao kazi yake, ukiutazama kwa miaka minane, ni kuwaongezea afya waliokuwa nayo tayari. Huenda wastani ukaonekana mzuri na pengo likapanuka chini yake.

Upande wa wenye matumaini, mfano unaotajwa kila mara ni Fleurbaix na Laventie, miji miwili midogo kaskazini mwa Ufaransa. Walianza 1992 na masomo ya lishe shuleni. Kwa miaka kadhaa watoto walijua zaidi, unene ukaendelea kupanda vilevile, na mtu angeweza kuufunga mradi pale na kuandika ripoti ya kushindwa. Hawakuufunga. Kidogo kidogo jambo likatoka nje ya geti la shule: viwanja vya michezo vikajengwa, wataalamu wa lishe wakaajiriwa, madaktari, wenye maduka na ofisi ya meya wakaingia. Mwaka 2004 watoto wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8.8, wakati katika miji iliyochaguliwa kulinganishwa nayo walikuwa 17.8. Karibu nusu. Ila lazima niseme pia kwamba miji hiyo ya kulinganisha ilipimwa mwishoni tu, na hakuna kura iliyopigwa kuamua nani aingie kwenye mradi. Miji yenye meya wa kujali huenda ingekuwa na watoto wembamba hata bila mradi. Nauamini mwelekeo wake kuliko ukubwa wake.

Na Uingereza kwenyewe, nchi ya lile jino, mambo yaliendelea. Aprili 2018 serikali ilianza kutoza ushuru vinywaji kulingana na sukari iliyomo: ukifika gramu 5 kwa mililita 100 unalipa, ukifika gramu 8 unalipa zaidi. Watengenezaji hawakusubiri watoto watunge nyimbo; walipunguza sukari kiwandani ili wasiufikie mstari. Uchambuzi uliotolewa 2023 ulikuta kwamba kiribatumbo kwa wasichana wa miaka 10 na 11 kilikuwa chini kwa takriban asilimia 8 kuliko ambavyo kingekuwa bila ushuru huo. Kwa wavulana hakuna kilichoonekana, wala kwa watoto wadogo wa miaka minne na mitano. Nusu ya ushindi, basi. Lakini ukiweka hesabu hii kando ya ile ya Christchurch, utaona kitu: soda ile ile, nchi ile ile, watoto wa rika linalokaribiana, na safari hii hakuna aliyelazimika kukumbuka somo.

Kwetu swali hili linakuja na sura nyingine. Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamewapita wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2. Maeneo mawili tu yalibaki nje ya mgeuko huo, Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Sisi bado tuna njaa ya kupigana nayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huo huo, 18. Wakati huo huo nchini Kenya wanawake 45 katika kila 100, wa miaka 20 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Hao ndio mama zetu, dada zetu na walimu wetu wa kike, na walikuwa watoto wa shule juzi tu. Mtu akikuambia unene ni tatizo la Ulaya, mwambie apande daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo kuna wanaosema, na si wajinga, kwamba kuzungumzia kiribatumbo shuleni ni anasa wakati kuna mtoto anayesinzia saa tano kwa kukosa uji. Nakubaliana nao nusu. Katika shule nyingi za serikali mtoto anatembea kwenda na kurudi, na tatizo lake ni sahani tupu. Lakini utafiti uliofanyika Dar es Salaam umeonyesha unene mwingi zaidi katika shule za kulipia kuliko za serikali, na ukisimama kwenye shule hizo asubuhi utaona kwa nini. Basi linampitia mtoto saa kumi na moja na nusu, hajala. Anashushwa getini, anarudishwa mlangoni jioni, na hapo katikati hajatembea hata mita mia tano. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba ya ukutani, ila mtihani wa darasa la nne umekaribia, wa la saba nao umekaribia, na mtihani siku zote uko karibu.

Geti la shule ya serikali nalo lina darasa lake. Karibu na kwangu kuna mama amekuwa akiuza hapo miaka mingi. Zamani meza yake ilikuwa na mihogo ya kuchemsha, mahindi, embe za chumvi na pilipili. Siku hizi mihogo imekuwa ya kukaanga, embe zipo msimu wake, na nusu ya meza ni vipakiti vinavyong'aa: krispi, biskuti, juisi za unga zilizogandishwa kwenye nailoni. Nilimuuliza kwa nini ameacha mihogo ya kuchemsha. Alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto: muhogo wa kuchemsha usipouzika leo unatupwa, kipakiti kinakaa hadi muhula ujao. "Na mtoto ana mia mbili, baba. Mia mbili inanunua nini kingine?" Somo lolote la lishe litakalofundishwa ndani ya uzio ule linabishana na hesabu ya mama huyu, na hesabu yake ni safi.

Ndiyo maana mfano unaonivutia zaidi katika eneo letu haukuanzishwa kupambana na unene kabisa. Nairobi, tangu 2023, mpango wa Dishi na County unapika kwenye majiko makubwa na kupeleka chakula kwenye shule za umma. Mtoto analipa shilingi 5 za Kenya kwa kugusisha bangili yake ya mkononi, anapata sahani ya moto. Lengo ni njaa. Lakini aliyeshiba wali na maharage au ndengu hana haja kubwa na kipakiti cha getini, na sufuria ile ile inayoondoa njaa ndiyo itakayoamua, miaka ijayo, chumvi kiasi gani, mafuta kiasi gani, na kama maji yapo mezani au la. Sisi tuna nafasi ambayo Pathways hawakuwa nayo: majiko yetu mengi bado hayajajengwa. Hasara yake ni kwamba sufuria ni gharama ya kila siku, milele. Mfadhili anapenda mradi wenye mwanzo, mwisho na ripoti; sufuria haina mwisho. Na kaunti au halmashauri ikikosa fedha mwezi mmoja tu, yote yaliyojengwa yanasimama siku hiyo hiyo. Anayetetea majiko bila kuitaja gharama hiyo anauza kitu ambacho hajakilipia.

Nami ningependa kudai nimejitoa kwenye mabishano haya nikiwa na jibu safi. Sivyo. Shuleni kwa mpwa wangu, baada ya yale ya mizani, wazazi tulikutana, tukasema tuliyosema, na uongozi ukakubali mambo mawili: kupima kufanyike faraghani, na kantini iache kuuza soda. Kupima faraghani kumedumu. Soda iliondoka kwa mihula miwili. Watoto walilalamika wiki ya kwanza, wakazoea, na mpwa wangu alikuwa anakuja nyumbani na chupa ya maji tupu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha mkataba wa kantini ukaisha, akaja mpangaji mpya, na mpangaji akaja na friji la bure kutoka kampuni ya soda, lenye taa na mlango wa kioo. Hakuna aliyevunja makubaliano, kwa sababu makubaliano hayakuandikwa kwenye mkataba. Kikao kijacho cha wazazi ni mwezi wa tisa. Nimeomba suala hilo liingizwe kwenye ajenda, na limewekwa namba saba, baada ya sare na nauli ya basi.